Jina la Mwanangu Silitamki

Jina la mwanangu silitamki. Sijalitamka tangu azaliwe, na anayesoma hapa akitumaini kwamba mbele ya safari nitajisahau na kuliandika, asijisumbue. Huu ni mwaka wangu wa sita Maskati. Nimejifunza kuendesha gari upande wa kulia, nimejifunza kusema khalasi na yalla kama niliyezaliwa hapa Bawshar tunakoishi, lakini mdomo ni ule ule niliotoka nao Tukuyu, na kwetu Tukuyu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake.

Mama alinifundisha wiki ile ya kuolewa. Jina lake usilitaje, uso wake usiutazame, ukikutana naye njiani ingia migombani, mpe mgongo, chutama mpaka apite. Wenzangu wengi siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao na kupiga nao picha. Siwasemi. Mimi nimeamua kushika yangu na sikulazimishwa na mtu. Nina diploma ya maabara, nimepima damu za watu miaka mitatu kabla ya kuja huku, na bado nikisikia sauti ya baba mkwe kwenye simu ya mume wangu najitanda kitenge na kutoka sebuleni. Ukitaka kucheka, cheka tu.

Sasa, jina lenyewe ni la Kiskoti. Enzi za babu yake baba mkwe alikuja daktari mmoja wa misheni kutoka Uskoti, akakaa milimani kwetu misimu michache, akafunga watu vidonda, akaondoka. Sura yake hakuna anayeikumbuka. Jina lake lilibaki kwa mtu mmoja aliyebatizwa nalo, na mtu huyo alipopata mjukuu wa kwanza wa kiume, mjukuu akapewa jina la babu kama desturi inavyotaka. Mjukuu huyo ndiye baba mkwe wangu. Kwa hiyo siku nilipopigwa picha ya tumbo na kuambiwa ni mvulana, sikuona cha kuchagua. Jina lilikuwa limekaa linamsubiri.

Mume wangu ndiye aliyetaka tuchague. Alianzia mbali, kama kawaida yake. Mara majina ya manabii ni mazuri, mara kuna mchezaji mmoja wa mpira ana jina linalopendeza masikioni. Alikuwa akirudi kazini na majina matatu manne, anayataja huku akivua viatu. Mimi nilikuwa nakuna nazi tu, namwacha aimalize orodha yake. Jioni moja nikazima jiko, nikakaa mbele yake, nikamwambia anieleze kinachomsumbua maana mtoto ana jina na yeye anajua.

Akaeleza. Mume wangu ni fundi wa viyoyozi katika hoteli moja kule Qurum, na mkuu wa mafundi wote pale ni Mskoti, mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mpole, ambaye ukimwita Mwingereza anakurekebisha palepale. Na huyo Mskoti, katika majina yote ya dunia, ana jina lile lile la baba mkwe wangu. Mkataba wa mume wangu ulikuwa unakwisha miezi miwili baada ya mimi kujifungua. Anayetia saini ya kuuongeza ni huyo. Usipoongezwa, viza yangu na ya mtoto zinakufa na wote watatu tunafunga mizigo.

"Watasema tumejikomba," akaniambia. "Nitaweka wapi uso wangu pale karakana?"

Nilijua anachokisema. Mskoti huyo nilishakutana naye mara tatu, kwenye sherehe za familia za wafanyakazi, na mara zote aliniambia nisimwite bosi, nimwite kwa jina lake. Mara zote nilimwita Mudiri, yaani meneja, kama wafanyavyo Wahindi wa pale kazini. Alidhani namwogopa. Hakuna siku nilimweleza kwamba jina lake kwangu ni mwiko kwa sababu ya mzee mmoja wa Tukuyu anayekata majani ya chai na koti la mvua mgongoni. Ningemweleza nini? Nilimwita Mudiri tukaendelea na biriani.

Nikamwambia mume wangu kwamba baba yake alilibeba jina hilo kabla Mudiri hajazaliwa, na kwamba mimi sibadilishi jina la mtoto kwa kuogopa kicheko cha mafundi. Akasema mimi sifanyi kazi pale. Kweli, sifanyi. Tukalala tumepeana migongo.

Kanisani kwetu, mtaa wa Ghala, habari zikafika kabla yangu. Wanawake wenzangu, Watanzania na Waganda, wengi wanafanya kazi za ndani, Ijumaa ndiyo siku yao ya kupumua na kusema watu. Wakanipokea kwa mzaha. Mmoja akauliza kama wa pili nitampa jina la mwenye hoteli. Mwingine, Mganda ninayempenda kweli, hakutania. Alisema yeye angeona aibu kumpa mtoto mweusi jina la mkoloni, na kwamba wazungu walitubandika majina kama tunavyobandika bei kwenye bidhaa. Hilo liliniuma kuliko utani, kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Lakini nilimjibu. Kwetu mvua hainyeshi kwa mapumziko. Mgeni akisahau mwavuli wake nyumbani kwako, ukaushona mbavu mara nne, ukawakinga wanao na wajukuu, mwavuli huo ni wa nani? Jina hilo limelima chai, limeoa, limelala na njaa, limezikwa mara moja na kuamshwa tena kwa mtoto. Makaburini kwetu limechorwa kwenye saruji kwa msumari. Nitalirudisha kwa nani mimi, na risiti gani? Akacheka, akasema basi yaishe, ila bado angemwita mtoto jina la Kiganda. Nikamwambia azae wake.

Aliyekuwa upande wangu peke yake ni Bibi wa chini. Bibi wa chini ni Mwomani wa Unguja, mjane, amekaa ghorofa ya kwanza ya jengo letu na mwanawe wa mwisho. Tangu mimba ina miezi mitano alikuwa ananiletea uji wa uwatu bila kuombwa. Nilipomhadithia kisa changu na mwiko wangu, nilitegemea anishangae. Hakushangaa hata kidogo. "Mwanangu, mie nimekaa na marehemu miaka arubaini na jina lake sijalitia mdomoni," akasema. "Nikimtaka naita, nyie humo ndani! Nna hakika alikuwa akijua ni yeye." Kisha akaniambia nisimsikilize mtu, jina la mtoto wa kwanza ni la upande wa baba, kwao na kwetu, na huyo mume wangu asitafute kisingizio.

Nikajifungua Jumatatu, salama, mvulana, mzito kama tikiti. Kesho yake tukaenda kwenye dirisha la hospitali kuandikisha uzazi. Karani alikuwa binti wa Kiomani, na alipoona pasipoti zetu akageukia Kiswahili, Kiswahili cha Unguja chenye kh na gh zake zote. Akachukua pasipoti ya mume wangu, akajaza jina la baba, kisha jina la babu, maana Oman mtoto huandikwa yeye, babaye na babu yake. Nafasi ya juu kabisa, ya mtoto mwenyewe, akaiacha tupu. Akauliza jina lake nani.

Mume wangu akataja jina la yule mchezaji mpira.

Sikuamini masikio yangu. Alilitaja haraka, bila kunitazama, na nikaelewa papo hapo alichokifanya. Alijua siwezi kumkatiza. Angesema jina lolote pale dirishani na mimi, mama mzazi, mwenye mshono mbichi, nisingeweza kusema "hapana, anaitwa fulani," kwa sababu fulani mwenyewe hatajiki. Aliuchukua mwiko wangu, ule niliomheshimu nao baba yake, akaufanya kufuli ya mdomo wangu. Niliwaka. Haki ya Mungu sijawahi kumkasirikia mtu vile.

Karani alikuwa ameshaanza kuandika herufi ya kwanza. Nikaweka mkono juu ya fomu. Akainua macho. Nikaweka kidole kwenye kisanduku cha babu, pale alipokwisha kulijaza jina la baba mkwe kutoka kwenye pasipoti, nikakivuta taratibu kupanda juu, nikapita kisanduku cha baba, nikafika kwenye kile cha mtoto. Nikagonga pale mara mbili kwa kucha.

"Hili liende hapa?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. Akataka kujua mbona silisemi. Nikamwambia ni jina la mkwe wangu. Binti wa watu hakuuliza la pili. Alitabasamu, akasema hata nyanya yake yuko hivyo hivyo, akafuta ile herufi, akaandika. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Tukarudi Bawshar, mimi na mtoto kiti cha nyuma.

Wiki tatu zikapita. Mume wangu aliniomba radhi, na mimi nikamsamehe nusu. Kazini wakamcheka kama alivyoogopa, siku mbili tatu, wakachoka. Ila kulikuwa na jambo alilonificha: habari zilimfikia Mudiri, na Mudiri alifurahi. Alimpiga mume wangu bega, akamwambia hajapata kuheshimiwa hivi maishani. Na mume wangu, yule yule aliyeogopa kuonekana anajikomba, akaona kumbe kujikomba kuna utamu wake. Akanyamaza.

Nikaja kujua Ijumaa asubuhi, Mudiri alipobisha hodi na zawadi mkononi. Bibi wa chini alikuwa kwangu, amenimiminia uji na sasa akaanza kummiminia mgeni kahawa, tende pembeni. Zawadi ilikuwa blanketi la sufu la mirabamiraba, nyekundu na kijani, zito. Akaeleza kwamba mirabamiraba ile ni ya ukoo wao. Akamchukua mtoto, akamwita kwa jina, akarudia, akarudia tena, na kila akilitaja mimi nainamisha kichwa. Akasema hakujaliwa watoto. Akasema hakudhani kwamba angekuja kuacha jina lake duniani, tena kwa watu wa mbali hivi. Machozi yalimlengalenga.

Sitaficha, nilimhurumia. Mtu mzima, mpweke, amembeba mwanangu vizuri kabisa, shingo imeshikwa. Nikamtazama mume wangu nikisubiri aseme. Ni sentensi moja tu. Akatabasamu, akasema ni heshima kwetu.

Basi nikasema mimi, kwa Kiingereza changu cha maabara. Nikamwambia Mudiri kwamba jina hilo ni la baba mkwe wangu, na kabla yake lilikuwa la babu yake. Akacheka kwa adabu, vile mgeni anavyocheka mwenyeji akimwambia chakula chenyewe kidogo. Akasema ni bahati nzuri iliyoje, akaendelea kumbembeleza mtoto. Hakuniamini. Miaka minne anasaini fomu za likizo za mume wangu, jina la baba yake limeandikwa pale wazi, na hajawahi kulisoma. Anamjua kwa jina moja na namba ya kazi.

Pale nikasema liwalo na liwe. Mkataba ulikuwa bado haujasainiwa, nilijua. Viza zetu zote tatu zilikuwa zimekaa kwenye kochi langu zinakunywa kahawa, nilijua pia. Nikachukua simu ya mume wangu mezani, nikampigia baba mkwe kwa video, nikamtia mume wangu simu mkononi kabla haijapokelewa. Kisha nikajitanda kitenge kichwani, nikageukia dirisha, uso kwenye pazia.

Nikasikia sauti ya mzee ikisalimia. Mume wangu akamsalimia. Akamwambia kuna mgeni, mkuu wake wa kazi, amekuja kumwona mtoto. Mzee akamshukuru mgeni, akaulizia hali. Mume wangu akatafsiri. Kisha akanyamaza, na mimi nikakohoa kule kwenye pazia.

"Baba," akasema, "huyu mkuu wangu naye anaitwa kama wewe."

"Kama mimi?"

"Ndiyo, baba. Jina hilo hilo."

Mzee akafikiri. Kule kwao mvua ilikuwa inapiga bati, naisikia hadi Bawshar.

"Mwulize," akasema, "nani alimpa jina letu?"

Mume wangu hakutafsiri. Mudiri akauliza mzee anasemaje. Bibi wa chini, anayekielewa Kiswahili kuliko sisi sote, akaacha kumimina kahawa. Mimi nilikuwa nimekodolea pazia macho na nikaapa moyoni: Kiingereza nakisikia. Mume wangu akimwambia mzee anakusalimu, nageuka. Nitageuka nimtazame baba mkwe usoni, nilitaje jina lake mbele ya watu, na mwiko wangu wa miaka yote uvunjike leo, na aliyeuvunja awe mwanawe.

Mume wangu akavuta pumzi. Akatafsiri neno kwa neno. Anauliza, nani alikupa jina letu.

Sijui uso wa Mudiri ulikuwaje, nilikuwa nimempa mgongo. Ninachojua ni kwamba mtoto alianza kulialia, na Mudiri alipojibu sauti yake ilikuwa imeshuka. Akasema alipewa na baba wa baba yake. Akasema ni desturi ya kwao tangu zamani, mtoto wa kwanza wa kiume. Mume wangu akamfikishia mzee.

"Basi mwambie alitunze," mzee akasema. "Sisi la kwetu tumelitunza."

Hilo nalo likatafsiriwa, na safari hii mume wangu hakusita. Sauti yake ilikuwa imenyooka. Akaongeza mwenyewe, bila kutumwa na mtu, kwamba mtoto ni wa babu yake, na kwamba alikosea kunyamaza tangu mwanzo. Nikamsamehe ile nusu iliyobaki.

Simu ilipokatwa nikageuka. Mudiri alikuwa bado amemshika mtoto, amenitazama kama mtu anayejumlisha mambo ya zamani.

"Ndiyo maana hujawahi kuniita kwa jina langu," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kwa ajili ya mzee yule, hata yeye nimempa heshima miaka yote hii bila yeye kujua. Akaona haya, akacheka kidogo, akaomba kahawa nyingine. Bibi wa chini akammiminia akisema kwa Kiswahili, akijua mgeni hakielewi, kwamba huyu Mzungu kumbe ana asili.

Mkataba ulisainiwa. Usingesainiwa, tungefunga mizigo, na jina lingepanda nasi ndege. Blanketi alikataa kulichukua tena, nami Maskati blanketi la sufu la kazi gani? Nikalituma Tukuyu na mtu aliyekuwa anakwenda likizo. Picha ikaja: mzee amekaa barazani, mvua nyuma yake, mirabamiraba ya ukoo wa Mudiri imemfunika magoti. Nililitazama blanketi tu, uso niliuziba kwa kidole gumba. Mume wangu akaipeleka picha kazini, na nasikia Mudiri aliomba arushiwe.

Kazini bado wako wanaosema mtoto amepewa jina la bosi. Waseme. Mwanangu sasa anatambaa, anang'oa waya za simu, na dunia nzima inamwita: babaye, manesi wa kliniki, Waganda wa kanisani, hata Bibi wa chini kwa lafudhi yake. Mimi namwita Baba. Siku atakapokua na kuniuliza mbona mama yake peke yake hajawahi kumwita jina lake, nitamwambia ukweli. Jina ambalo ningeweza kulitamka, nisingempa.